Nilivyokwenda Kidimbwini Bila Mdomo

Leo mdomo wangu umenivua nguo mbele ya watu.

Wenzangu wa Ujiji, wewe Sikudhani na wewe Mwanahawa, nawaandikia kwa mkono wangu mwenyewe, haraka haraka, maana mtumbwi wa kwenu uko ufukweni unapakia mawese. Nataka mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Tausi. (Herufi zangu mnazijua. Mwalimu alinitoa chuoni kwa sababu ya kuongea, sikufika mbali.)

Kisa chenyewe ni maji.

Mwanaidi, binti wa mwanangu Juma, anaolewa na Ramadhani, mjukuu wa Tausi. Na desturi ya nyumba yetu, ile wazee waliyokuja nayo kutoka Manyema, hamjaisahau. Maji ya kwanza ya kumwagia bibi harusi miguuni hayatoki ziwani, ambako watu wanafua na kusutana. Yanatoka kwenye kidimbwi cha msituni, huko juu nyuma ya Kizuka, maji yaliyotulia. Anayachota bibi wa upande wa binti. Anakwenda peke yake, kwa sababu wanawake wawili njiani watasema tu. Tangu anavuka kizingiti cha nyumba mpaka anamwaga maji yale miguuni, hasemi. Hata neno moja. Hata "aa". Ndiyo nyumba mpya inakuwa na utulivu. Akisema, maji yamekufa, na kazi ya kumwogesha binti inahamia kwa bibi wa upande wa bwana.

Bibi wa upande wa bwana ni Tausi.

(Nawaachia nafasi mmeze mate.)

Jana tulikuwa tunaanika ndagala, wanawake wote wa mtaa wapo, Tausi akasema kwa sauti: "Zena? Anyamaze kutoka hapa mpaka msituni? Huyu hata akilala anataja majina ya watu!"

Wakacheka. Mimi nikamjibu: "Utaona."

Lilikuwa neno zuri. Ningeliacha hapo. Lakini nikaongeza kwamba nimewashuhudia wakiogeshwa mabibi harusi wote wa nyumba yetu, nikawataja mmoja mmoja, na mama zao, na mwaka wa mvua gani, mpaka ndagala wakakauka upande mmoja. Tausi akaniangalia tu, akitabasamu.

Usiku sikupata usingizi. Miguu ilikuwa inatembea kitandani. Nikaamka kabla ya adhana, nikafagia ua. Nikaufagia tena. Nikamwamsha Mwanaidi nimwambie maneno yote ya siku nzima, niyamalize. Akaniambia, "Bibi, nenda tu. Nataka mkono wako uwe wa kwanza miguuni kwangu. Mkono wa Bibi Tausi una baridi." Basi. Kwa neno hilo ningekwenda hata mpaka Usumbura nimeng'ata ulimi.

Nikatia mtungi kichwani, nikavuka kizingiti, nikafunga mdomo.

Jamani!

Sikujua kwamba watu wananisalimu sana hivyo. Kabla sijamaliza mtaa: "Shikamoo, Bibi Zena!" Sijajibu marahaba. "Shikamoo, bibi!" Kimya. Wake wawili wa Sefu mwuza chumvi, Chausiku na Tatu, walikuwa kisimani, nao walijua ninakokwenda, wakafanya makusudi.

"Bibi Zena, eti mume wa kwanza wa Mariamu aliitwa nani? Tunabishana hapa."

(Hamisi! Hamisi bin Baraka, mwenye kovu kwenye paji la uso! Lilinifika mpaka kwenye meno.)

Nikaongeza mwendo. Nyuma nasikia, "Shika, shika, mtungi unatetemeka!" Wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Nikaingia kwenye michikichi. Huko angalau miti hainijui. Lakini nikifika Kizuka, shambani kwa Nahimana, yule Mrundi ninayenunua kwake mihogo, ananiona toka mbali, ananyoosha mgongo, anaegemea jembe. Mnaijua salamu ya hapa. Siyo kitu cha kupitiliza. Unaulizwa amani yako, amani ya watoto, amani ya ng'ombe ambao huna.

"Mwaramutse, mukecuru! Amahoro?"

(Yaani: umeamkaje, bikizee, kuna amani?) Nikainamisha kichwa. Nikatabasamu. (Nasikia tabasamu langu nikiwa nimebana midomo linatisha watoto.)

"Amahoro? Watoto wako salama?"

Nikainama tena. Nahimana akaliacha jembe, uso ukabadilika.

"Umenikasirikia."

Nikatikisa kichwa: hapana.

"Umenikasirikia, naona. Umesikia mambo ya mbuzi."

Mbuzi gani, nikajiuliza moyoni.

"Haya, nitasema. Ni mbuzi wangu ndiye aliyekula maharage yako. Si wa Bibi Tausi. Nilimfunga vibaya. Uliposimama sokoni ukamtukana Bibi Tausi na mbuzi wake, nilikuwa pale, niliogopa. Unisamehe, mama."

Wenzangu! Mwezi mzima nimemwita Tausi mchungaji wa wezi, na sokoni watu wamesikia! Macho yalinitoka. Nahimana akaona macho, akadhani bado sijaridhika, akaendelea kuungama. Kumbe na kile kikapu cha mihogo ya mwisho, chini aliweka ile michungu. Kumbe na mume wake ndiye aliyevunja uzio wangu. Laiti ningalijua zamani kwamba ukinyamaza watu wanasema hivi, ningalikuwa tajiri wa habari! Nikampigapiga begani kumwambia yamekwisha, nikaondoka mbio. Tumboni nina habari kubwa namna ile, sina pa kuitoa.

Kutoka hapo ni kupanda. Njia inakuwa nyembamba, halafu inakuwa kama njia, halafu inakuwa majani tu. Ziwa linabaki nyuma, chini, jeupe. Nilijiambia nitapumzika kwenye jiwe kubwa. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa. Mwili haukutaka kutulia, maneno yalikuwa yanarukaruka ndani kama ndagala wabichi kwenye wavu. Nikaona bora nile, mdomo upate kazi.

Nikafungua jani la mgomba, nina mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Akatoka nyani. Mkubwa, makalio mekundu, akaja akakaa mbele yangu kama mgeni aliyealikwa.

Nyani anakimbia sauti. Mnajua. Ukisema "Toka we!" anaruka. Mimi nikatikisa mikono. Nikapiga miguu chini. Nikamtolea macho. Yeye akanitazama, akaelewa (naapa, alielewa), akanyoosha mkono taratibu, akachukua mhogo. Akala. Akachukua samaki, akamnusa, akamrudisha! Akachukua mhogo wa pili. Nimekosewa adabu na wanadamu wengi, wote nawakumbuka kwa majina, lakini hakuna aliyewahi kula chakula changu huku ananitazama machoni. Nikabaki na samaki aliyenuswa. Nilimla. (Msimwambie mtu.)

Kidimbwi nilikikuta kama nilivyosimuliwa kwenye harusi ya Zawadi. Maji meusi, majani yameanguka juu yake wala hayaendi popote. Hakuna upepo. Hakuna ndege. Pale ndipo niliposhikwa na taabu ya kweli. Watu wakiwepo, unanyamaza kwa kushindana nao. Pale hakuna wa kushindana naye. Nikawakumbuka waliochota kabla yangu: Wamwema, aliyemchotea Mgeni. Kitete, aliyemchotea Saida. Mama mkwe wangu Sakina, aliyeteleza kwenye ukingo ule ule akarudi na tope mpaka masikioni na hakusema hata "uwi". Nikataka niwaite. Majina tu, nisikie yanavyolia juu ya maji. Nani angejua?

Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikauinamisha upesi, nikaujaza maji. Pomoni! Mashavu yakatuna. Nikasema moyoni: sasa sema, Zena, tuone. Nikajaza mtungi, nikajitwika, nikashuka hivyo, mashavu kama ya chura, pumzi kwa pua. Na nitawaambieni, nilishuka vizuri. Nilianza hata kujivuna.

Karibu na michikichi, nakutana na shaushi wa Wadachi, askari mkubwa mwenye kofia nyekundu, na wapagazi wawili wana masanduku. Wanatoka upande wa Minago. Akanyoosha mkono.

"Simama, bibi. Unatoka wapi?"

Nikaonyesha nyuma kwa kidole.

"Jina lako?"

(Mimi! Kuulizwa jina! Nikashindwa kusema!)

"Nakuuliza jina. Umebeba nini? Pombe?"

Mpagazi mmoja akasema, "Shaushi, huyu ni bubu. Angalia mashavu, amevimba."

"Bubu gani anatembea peke yake msituni? Ni pombe. Teremsha tunywe."

Akashika mtungi. Nikayameza yale maji ya mdomoni yote kwa mara moja, machozi yakanitoka. Ikabidi nieleze kwa mikono. Nikaonyesha mtungi. Nikaonyesha miguu, nikajifanya naiosha. Hawakuelewa. Nikaonyesha mwanamke: nikachora umbo hewani. Nikaonyesha mwanamume: nikamwonyeshea kidole shaushi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikaunganisha vidole viwili, kumaanisha ndoa. Nikajifanya namwosha mtu tena, taratibu, kwa mapenzi, kama ninavyotaka kumwosha Mwanaidi.

Wapagazi wakakaa chini kwa kucheka. Masanduku ya Wadachi chini!

"Shaushi, amekutaka!"

"Anasema akuoshe kwanza, halafu akuoe!"

"Kubali tu, bwana, mtungi anao, na kelele hana!"

Shaushi akarudi nyuma mpaka akakanyaga kichaka. "Pita," akasema. "Pita, mama, pita. Mimi nina wake watatu Tabora." Akanipisha njia yote, mkono kwenye kofia. Nikapita, kichwa juu, mtungi haujamwagika hata tone.

Basi nikaingia Rumonge jua linashuka. Habari zilishatangulia: Zena anarudi, hajasema! Watoto wakanifuata. Wanawake wakatoka kwenye majiko. Ua wa Juma umejaa, upande wetu huku, upande wa Ramadhani kule, ngoma zikanyamaza. Kule ndani, mlangoni mwa chumba, namwona Mwanaidi amekaa kwenye kigoda, miguu ameiweka kwenye sinia, ananitazama. Anacheka kwa macho. Nilibakiza mlango tu.

Sasa desturi inataka hivi: mtungi ukifika mlangoni, mkubwa wa upande wa bwana anasimama na kumwomba binti kwa jina lake na majina ya baba zake, mara tatu, ili watu wajue wanamchukua nani. Ndipo mchotaji anaingia anamwaga.

Tausi akasimama. Amevaa kanga mpya, sauti yake ameisafisha.

"Tunamtaka Mwanaidi, binti Juma, bin Songoro..." Akasita. Akatazama juu. Akapata. "...bin Kabwe!"

Nikafumba macho.

Wenzangu, baba yake Songoro, mume wangu, aliitwa Kalonda. Kalonda, baba mkwe wangu, niliyempikia uji mpaka siku yake ya mwisho, aliyetoka Nyangwe na mguu mmoja mbovu. Na kwa sababu ya mguu ule, alikuja juu ya mnyama. Hadithi zangu zote za safari ile mnazijua: Kalonda na Kabwe walivuka mto, Kalonda na Kabwe walilala njaa, Kabwe aligoma kupanda mlima. Tausi amezisikia miaka yote, kumbe anasikiliza nusu. Amekamata jina lisilo lake.

Nikajiambia: acha. Ukishamwaga, utasahihisha.

"Tunamtaka Mwanaidi, binti Juma, bin Songoro, bin Kabwe!" Mara ya pili. Upande wao wakaitikia kwa vigelegele: "Bin Kabwe! Bin Kabwe!" Mwanaume mmoja akasema kwa heshima, "Wazee wa zamani walikuwa na majina mazito."

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaingia chumbani. Nilikuwa naviona vidole vya Mwanaidi vyenye hina. Nikamtazama Juma wangu, yeye amsahihishe. Juma anatabasamu. Hajui! Alizaliwa babu yake ameshazikwa. Nikazungusha macho ua mzima, nikaona hakuna hata mmoja aliyemwona Kalonda kwa macho yake isipokuwa mimi. Nikinyamaza mara ya tatu, ndiyo imekwisha. Watoto wa Mwanaidi watakuwa wa Kabwe.

"...bin Songoro, bin Kab..."

"KABWE NI PUNDA!"

Ndiyo. Kwa sauti ile. Nasikia mpaka wavuvi waligeuka.

"Punda! Punda wa Kalonda! Songoro ni bin Kalonda! Mnamwoa mjukuu wa mtu, hammwoi mjukuu wa punda!"

Na nilipogeuka kusema hivyo kwa mkono juu, mtungi haukugeuka na mimi. Ukaniinamia. Maji yote ya kidimbwi, na majani mawili, yakanishukia toka utosini mpaka unyayoni, na mtungi ukapasuka mlangoni.

Kimya. Kimya kile nilichokitafuta tangu asubuhi, ndiyo kikaja.

Mngedhani ningefunga mdomo hapo. Lakini ulikuwa umeshafunguka, na yote ya siku nzima yakatoka kwa mpango ule ule yalioingia nao: "Marahaba! Marahaba! Hamisi bin Baraka! Amahoro, Nahimana! Na mbuzi hakuwa wako, Tausi, alikuwa wa Nahimana, nisamehe! Na wewe shaushi, sikutaki!"

Ua ukalipuka. Watu walicheka wakashikilia nguzo. Chausiku, yule wa kisimani, akapiga kigelegele: "Bibi harusi ameshaogeshwa! Bibi harusi ni Zena!" Wakaja na ngoma. Nimelowa kama kuku wa mvua, wananizunguka, wananiimbia. Wakamvuta mzee Farahani, fundi wa mitumbwi, yule aliyefiwa na mkewe Kidawa, wakamuuliza kama yuko tayari. Naye, mtu mzima yule, akajibu: "Nitamwoa akinyamaza mpaka Ijumaa."

Hadija, msimamizi wa harusi upande wetu, akafuta machozi ya kucheka, kisha akatoa hukumu. Maji yamekufa. Kesho Tausi atakwenda kidimbwini, na mkono wa kwanza ni wa Tausi.

Hapo sikucheka tena. Nikaingia kwa Mwanaidi nikikamua kanga.

"Bibi," akasema, "ulibakiza hatua moja."

"Najua."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako nilinyamaza siku nzima, mwanangu. Nyani amekula chakula changu nikamtazama. Lakini Kalonda hana mtu mwingine wa kumsemea."

Akaitoa miguu kwenye sinia kavu. Halafu akaniuliza: "Alikuwaje, huyo Kalonda?" Nikakaa chini na maji yangu, nikaanza kumwambia. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Tulifika kwenye mto tu, Hadija akachungulia mlangoni.

"Zena, umesahau kitu. Kesho mambo yanageuka. Akichota Tausi, kuita majina ni kwa upande wetu. Utaita wewe. Ramadhani na baba zake, wote, mara tatu."

Nikasimama. Maji yakakauka yenyewe mwilini.

Kwa sababu baba zake Ramadhani ninawajua, wenzangu. Wote. Na yule ambaye Tausi anasema alikuwa mfanyabiashara wa pembe, na yule aliyekuwa na majina mawili kwa sababu ya mambo ya Uvira, nawajua kwa majina waliyopewa na mama zao. Na kesho Tausi atakuwa mlangoni na mtungi kichwani, hawezi hata kusema "aa".

Sasa hivi, naandika haya, amekuja. Amebeba bakuli la wali na kuku, amelifunika vizuri. Amekaa karibu yangu. Ananiita dada.

"Zena dada yangu," anasema, "hivi kesho, ukifika kwa babu yake mzaa babu, utasema jina gani?"

Nimemtazama. Nimekula kuku. Na kwa mara ya kwanza leo, bila taabu yoyote, nimenyamaza.